Report ilikataa kuconnect, nikamchomea Mwangi bure

Niaje wakuu. Hii sijasimuliwa na mtu, imenipata mimi mwenyewe, na nitaisema vile ilivyokuwa. Mkitaka kunirarua kwa comments, ruksa.

Mimi na Mwangi tulikuwa tunashughulikia computer za zahanati moja ya mtu binafsi hapa Kariobangi. Yeye alitengeneza database ya dawa, mimi nikawa wa kutoa reports.

Mwangi ni mtu wa Nyeri, na kwake "l" na "r" ni kitu kimoja. Ofisini hiyo ndiyo ilikuwa comedy yetu. Akisema "rara sarama" tunacheka mpaka machozi, naye anacheka na sisi. Ama nilidhani anacheka.

Mwezi uliopita akahamisha database kwa server mpya, akaweka password mpya, halafu akaenda ocha, kwao Nyeri, kumzika shangazi yake. Siku ya mazishi, Daktari, yaani mwenye zahanati, akataka ripoti ya dawa kabla ya jioni ndio aagize zingine.

Nikampigia Mwangi. Akasema password ni karamu, herufi ndogo zote. Nikacheka kimoyomoyo.

Nikaandika kalamu.

"Password authentication failed."

Hapo nikaanza kuzunguka. Nikaping server, inajibu. Nikacheki port, iko wazi. Nikazima firewall. Nikatoa driver nikaweka ingine. Nikarestart kila kitu mpaka dada wa reception akaanza kuninunia.

Wakuu, error ilikuwa inaniambia waziwazi kwamba server nimeifikia, shida ni password. Lakini mimi si nilikuwa "naijua" password?

Nikapiga tena. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba kaburini. Akarudia, karamu. Nikamuuliza kama ana uhakika, akasema anao. Kutoka hapo simu yake ikawa mteja, haipatikani.

Msiniambie ni network. Nilimsikia vizuri kabisa. Ni vile tu nilishaamua huyu hajui kutamka, nikamrekebisha kichwani bila hata kufikiria.

Daktari akaja kusimama nyuma ya kiti changu, akauliza shida ni nini. Ningesema tu sijui. Badala yake nikasema, "Mwangi ametupatia password ya uongo."

Mkataba wa Mwangi ulikuwa unaisha mwezi huo, na kulikuwa na jamaa mwingine aliyekuwa akimsumbua Daktari na CV yake. Daktari akampigia jamaa huyo pale pale nikiwa nimekaa, akamwambia kazi ni yake.

Mwangi alirudi bila kujua lolote. Akaketi kwa computer yangu, akaandika, report ikafunguka. Niliangalia vidole vyake. Vilienda kwa R. Karamu, ile ya kula. Aliichagua kwa sababu wiki hiyo walikuwa wamembatiza binti yake.

Akageuka. "Kwani wewe ulisikia nini?"

Nikamwonyesha L kwenye keyboard, na alielewa.

Nilienda kwa Daktari nikamweleza ukweli wote. Akasema amesikia, lakini hawezi kuambia yule jamaa asije tena. Kwa hivyo mimi bado niko kazini, Mwangi hayuko. Najuta jameni, na kujuta kwangu hakumlipii nyumba.

Nilichojifunza? Soma error vile imeandikwa, usiende kupigana na firewall ambayo haijakukosea. Password itisha kwa maandishi. Na mtu akikwambia neno, andika neno hilo hilo, haijalishi ametoka wapi.

Kama kuna mtu ashawahi kuharibu urafiki hivi na akaurudisha, aniambie alifanyaje. Na mkisikia mahali wanatafuta mtu wa database, wekeni hapa chini, nitampelekea.

Nitampelekea kwa text, kwa sababu simu zangu hashiki. Kila nikimwomba tuongee ananijibu maneno mawili tu.

Andika tu.