Nusu ya Somo la Maalimu

Sauti ya watoto wakikariri pamoja hunisimamisha njiani mpaka leo. Niko mjini, napita na shughuli zangu, mara kutoka dirisha la madrasa nasikia zile sauti nyembamba zikivuta herufi, na mmoja akichelewa nyuma ya wenzake. Miguu hukataa kusogea. Nasikia harufu ya udongo mbichi na majani ya karoti, kama kwamba nimerudi kijijini kwetu Usambara, upande wa Mlalo, nimekaa mkekani na goti la dada Zaina linagusa langu. Mniwie radhi nikisimulia polepole. Habari hii nimekaa nayo zaidi ya miaka thelathini, na ninyi ni wa pili kuisikia.

Maalimu wetu alikuwa mkulima wa bustani kama baba zetu. Alikuja chuoni na tope limemfika magotini, na siku ambayo bei ya kabichi imeanguka tulijua tutasoma habari za Jahannamu. Hakuwa mkali lakini. Alikuwa na utaratibu aliourithi kwa mwalimu wake: akifundisha hukumu, wiki ya kwanza alitoa hukumu yenyewe, tupu, tukaikariri, masharti yake yalingoja wiki ya pili. Alisema ukimpa mtoto yote kwa mkupuo atasahau yote. Na kijijini kwetu kulikuwa na kawaida nyingine iliyomzidi nguvu hata yeye: masika yakianza, chuo kinafungwa. Maharage na viazi vilitaka mikono ya kila mtu, mpaka ya Maalimu.

Nilikuwa na miaka minane, Zaina kumi na miwili. Siku ile hakuja chuoni, alibaki kumwangalia mama aliyekuwa na homa. Maalimu akafundisha hukumu ya mwizi, kwamba mkono wake unakatwa. Tuliikariri tukitazama viganja vyetu. Tulipotoka mawingu yalikuwa yameshika vilele vyote, na Maalimu akatuambia huenda tusionane mpaka baada ya kupanda.

Nilimkuta Zaina nyuma ya zizi, ana mapeasi matano kwenye khanga. Yalikuwa ya Babu. Babu mzaa mama alikuwa mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri. Mama alisilimu alipoolewa, na koo zote mbili zilinuna mwaka mmoja kisha zikachoka kununa. Idi Babu alikula pilau kwetu, Krismasi tulikula wali kwake. Ila mipeasi yake mitatu ilikuwa na sheria: yanayotangulia kuiva ni malimbuko, yanakwenda kanisani, na hakuna wa kuyaonja kabla ya Mungu.

Tulikula mawili mawili, maji yakituchuruzika mpaka kwenye viwiko. Nikanyoosha mkono kuchukua la tano. Zaina akalifunika.

"Hili la mama. Mdomo wake mchungu, hajala tangu jana."

Nililitaka lile peasi. Natamani ningekuwa na sababu nzuri zaidi ya kuwapa, lakini ndiyo hiyo. Nikamwambia, "Utakatwa mkono. Maalimu kasema leo. Mwizi anakatwa mkono."

Akacheka. "Kwa mapeasi?"

"Hakusema mapeasi wala ng'ombe. Kasema mwizi. Na wewe umemwibia Mungu."

Kicheko kikamtoka usoni. Akaniwekea lile peasi mkononi, akasema, "Chukua, Salma. Usiseme." Nikalila lote, na kokwa zake, huku ananiangalia.

Jioni alinishika mkono tukapanda kwa Babu. Sasa najua alikwenda kutafuta sheria iliyo nyepesi zaidi. Babu alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe. Tukamwamkia, akaitikia, na Zaina, asithubutu kutaja wizi mbele ya mwenye mapeasi, akauliza kwa sauti ya kujikaza, "Babu, kwenye kitabu chenu mtoto asiyesikia wazazi anafanywaje?"

Babu alifurahi jamani. Hakuna mjukuu aliyewahi kumuuliza jambo la kitabuni. Akaweka panga chini. "Katika Torati ya Musa, mtoto mkaidi anapelekwa langoni, na wanaume wa mji wanampiga mawe mpaka afe. Lakini hapo sasa kaeni, niwaeleze vizuri."

Zaina alikwishashuka ngazi. Nikamkimbilia.

Mvua ilianza alfajiri, na kulipopambazuka kitanda cha Zaina kilikuwa kitupu. Walimtafuta msituni, mtoni, kwa jamaa wote. Siku ya tatu ndipo ikaja habari kutoka Mnazi, kule chini tambarare, kwamba yuko kwa shangazi. Aliteremka mlima peke yake kwa miguu, kwenye ukungu na utelezi. Nyumbani wakacheka kwa ahueni, na baba akaapa kumchapa. Ila sisi watu wa baridi, homa ya kule chini hatuiwezi. Mvua iliziba njia, na baba alipofika baada ya wiki mbili alimkuta hawezi kusimama. Hakuvuka wiki. Akazikwa kulekule.

Shangazi alipopanda kwa matanga alisimulia, akilia, kwamba mtoto alilala na mkono wa kulia ameubana kwapani, hata kula alikula kwa tabu. Alikuwa akiuliza kama watu wa milimani wanashuka Mnazi mara kwa mara, na kama shehe wa pale anafahamiana na Maalimu. Wakubwa wakasema ni homa ilikuwa inaongea. Nilikaa katikati yao na sikusema kitu. Babu naye alikuta mapeasi yamepungua, akawalaumu kima, na Jumapili ya malimbuko akawaombea mabaya mbele ya usharika mzima.

Chuo kilifunguliwa maharage yalipoota. Maalimu alifungua kitabu, akauliza, "Tuliishia wapi?" Nafasi ya pembeni yangu ilikuwa wazi. Akaanza masharti. Mtoto asiyebaleghe hakatwi. Aliyechukua mali ya babu yake hakatwi. Mwenye njaa hakatwi. Tunda lililo bado mtini, akilichuma mtu, hakatwi. Na kadhi akipata shaka yoyote, hata ndogo, shaka hiyo inaondoa hukumu. Wenzangu walikariri. Mimi nilikuwa nahesabu, na kila sharti lilikuwa limevaa jina la dada yangu. Nilitapika pale mkekani, Maalimu akanibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Alidhani nina minyoo.

Nilipokuwa sekondari nilimuuliza Babu ile nusu yake. Akaniambia yale aliyofundishwa chuo cha Biblia: kwamba walimu wa kale wa Kiyahudi, wenye Torati yenyewe, waliibana ile hukumu ya mtoto mkaidi kwa masharti mengi, mpaka baba na mama walitakiwa wafanane hata sauti, na wako waliosema haijapata kutekelezwa wala haitatekelezwa, iliandikwa isomwe tu. Hata jicho kwa jicho waliisoma kuwa ni fidia. Akanikumbusha yule mwanamke aliyefumaniwa akaletwa mbele ya Yesu apigwe mawe, na wenye mawe wakaondoka mmoja mmoja, wakianza wazee. "Dada yako alitaka kujua haya," akasema. "Ningeanzia mwisho." Sikumwambia ni kwa nini Zaina aliuliza. Alifariki hajui.

Watu wa vitabu vitatu walikaa karne kwa karne wakitafuta mlango wa kumpitisha mtoto kama Zaina, na waliupata. Mimi nilikuwa nao mkononi tangu siku ile chuo kilipofunguliwa, na niliunyamazia kwa kuogopa kwamba zamu ya kuhukumiwa ni yangu.

Mwaka jana nilikwenda kumwona mama. Tulikuwa jikoni tunachambua maharage, na sijui ni nini kilinifungua mdomo. Nilimwambia yote, ya Maalimu, ya Babu, na lile la tano lililokuwa lake. Nilingoja alie au anifukuze. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Siku ile ya mapeasi, asubuhi, nilimpiga kibao," akasema. "Alimwaga uji wangu. Nilikuwa naumwa, nikampiga, nikamwambia aniondokee. Basi nikajua kaondoka kwa ajili hiyo. Nimemwomba Mungu msamaha wa kile kibao kila sala, Salma. Kila sala."

Nilimtazama mikono, imezeeka, imelala juu ya ungo. Sikuwahi kufikiria kwamba kimya changu kilikuwa na mtu ndani yake. Neno moja tu lingemtoa, na ningeweza kulisema nikiwa na miaka minane.