Siku Kumi na Moja Asizoziona Mwanvita

Kwa miaka kumi na tisa, saa tatu kamili asubuhi, Mwanvita alikuwa akitoka kwenda kusoma kipimamvua walichomfungia watu wa maji uani kwake, juu kidogo ya Mlali. Iwe Idi, iwe homa, jembe lilisubiri kwanza. Mumewe Abeid, ambaye macho yake hayakuviona tena vistari vile vidogo vya kipimo, alishazoea kunywa chai peke yake.

Mwaka juzi, masika yakiwa yamekolea, binti yao Hafidha alishikwa na uchungu kule Dakawa, mtoto akiwa amekaa vibaya. Mwanvita akaondoka hivyo hivyo, na khanga zake mbili. Alirudi baada ya siku kumi na moja, mama na mtoto wakiwa wazima. Akamwaga maji yaliyofurika chomboni, kisha akaandika kwenye daftari lake la mvua, mbele ya kila tarehe ya siku hizo: Sikuwepo.

Miezi michache baadaye alikuja Frank, kijana mtaalamu kutoka mjini, kuchukua vipimo vya mvua. Mto wa pale kijijini ulikuwa umesomba daraja lao mara mbili, na sasa lilitakiwa jingine, ambalo kimo chake kingepangwa kwa vipimo hivyo.

"Daftari zuri, mama, ila hapa pana pengo," alisema. "Jaza tu kwa kukisia. Wakubwa hawapendi mapengo."

"Mwanangu, nikiandika namba hapo, nitakuwa nimesema nilikuwepo."

Abeid akakohoa kwa haya. "Mama Hafidha, mpe kijana anachotaka. Si siku kumi na moja tu?"

"Ndizo nisizoziona," alijibu, akalifunga daftari. Frank alilichukua lilivyo, uso ameukunja.

Wiki ile Mwanvita aliiona kazi yake ya miaka kumi na tisa ikitupwa jalalani.

Mwezi uliofuata Frank alirudi na mhandisi wao, Janeth, ambaye aliliinua daftari lile mbele ya mkutano wa kijiji.

"Tumekusanya madaftari matano ya mvua kutoka vijiji mbalimbali," alisema. "Manne hayana pengo hata moja, lakini ukiyachunguza unakuta namba za siku nzima nzima zimenakiliwa tu kutoka siku nyingine. Hili peke yake linasema 'sikuwepo'. Ndiyo maana tunaliamini kwa siku nyingine zote. Daraja litajengwa kwa vipimo hivi. Mama huyu ni mwaminifu."

Wanawake wakaangua kicheko. "Abeid, umesikia? Mkeo mwaminifu!"

Pale kijijini neno lile lilikuwa la mke asiyetoka nje ya ndoa, au la muuza duka asiyedokoa. Nani aliwahi kulisikia likitajwa kwa habari ya mvua? Mwanvita alicheka nao, lakini moyoni alilipokea kwa uzito wake: mwaminifu ni yule ambaye mwingine anaweza kulikanyaga neno lake kama daraja, akavuka.

Mkutano ulipokwisha, Frank alimfuata. "Mama, nisamehe."

"Yamekwisha, mwanangu. Njoo ule magimbi."

Masika ya mwaka huu mto ulishuka kutoka milimani ukivingirisha magogo. Kijiji kizima kilisimama ukingoni kutazama. Maji yalipita chini ya daraja jipya, yakabakiza nafasi ya mkono mzima. Abeid alikuwa amemshika bega mgeni mmoja kutoka Kisaki.

"Unaziona nguzo zile?" alimwambia kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Urefu wake aliusema mke wangu."

Mwanvita, nyuma yao, akajitanda khanga yake vizuri, shingo imemnyooka.