Boti ya Mwanamke wa Samaki

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msianze kutafuta hekima. Nawaeleza jambo moja nililofanya kwa wivu, na nililifanya nikiwa mtu mzima, mama wa watoto sita, mshiriki wa kanisa. Shule niliachia darasa la tatu. Neno likikaa vibaya lirekebisheni, lakini jambo lenyewe msiliguse.

Ilikuwa miaka ya tisini. Babu yenu alikuwa fundi wa mbao katika karakana ya shamba kubwa la chai, upande wa Kericho. Wakapunguza watu, naye akapunguzwa. Alirudisha kila kitu kilichokuwa na alama ya karakana: randa, nyundo, hata futi ya kupimia. Akaja nyumbani, hapa karibu na Sotik, na msumeno wake mmoja na mikono yake. Tulijua sote kwamba kazi ya kwanza atakayopata ndiyo itakayomletea nyingine, au itakayomfungia mlango. Fundi anayeanza hana cha kuonyesha ila hiyo moja.

Kazi hiyo ilikuja ikivutwa nyuma ya lori. Ilikuwa boti.

Msicheke. Mimi nilicheka, nikakoma. Meneja mmoja wa shamba alikuwa na boti kuukuu ya faiba, ya kuvulia samaki, na kila mwezi aliivuta kwa gari mpaka ziwani. Alipokuwa anarudi kwao aliiuza. Aliyeinunua ni mwanamke aliyekuwa akileta samaki soko la Sotik kutoka upande wa ziwa. Mjane, mrefu kama nguzo ya simu. Katikati ya boti palisimama sanduku, na juu ya sanduku usukani kama wa gari. Meneja aliiendesha boti akiwa ameketi. Kiti kilikuwa kimevunjika, na huyu mama hakukitaka. Alitaka kusimama, aone mbele juu ya nyavu na makreti. Lakini akisimama, usukani ulimfika mapajani, akawa ameinama kama mtu anayepalilia.

"Mgongo wangu umekwisha, fundi," alisema. "Niinulie hiki kitu, halafu niteremke na boti ziwani."

Hapo ndipo wivu uliponiingia, na ulikuta mlango uko wazi. Jikoni kwangu kulikuwa na meza ya mama mkwe. Alikuwa mfupi, Mungu amweke mahali pema, na meza ile ilitengenezwa kwa kimo chake. Miaka kumi na minane nilikata sukuma wiki na kukanda unga juu yake nimejikunja. Nilimwomba mzee wangu, babu yenu, aiongeze miguu. Akasema, "Meza ya mama haikatwi wala haiungwi." Basi. Leo mgeni anamwambia mgongo unauma, na kabla chai haijapoa mzee amevua viatu, yuko ndani ya boti.

Kwa kuwa futi hakuwa nayo, alichukua kamba ya katani. Akamwambia yule mama asimame wima, akunje mikono kama ameshika usukani. Akapiga goti, akamkanyagisha ncha ya kamba kwa kisigino, akaipandisha polepole mpaka kwenye kiwiko, akafunga fundo.

"Hapo?"

"Juu kidogo, fundi. Mimi si kuku."

Mzee akacheka. Mzee wangu, ambaye mhubiri akichekesha kanisa zima yeye huangalia viatu vyake, alicheka.

Jirani yangu alikuwa amesimama upande wa pili wa ua na kikapu cha majani chai mgongoni. Akaniita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mama watoto! Wewe alikupima lini?"

"Alinipima kwa ng'ombe," nikamjibu.

"Ng'ombe hawana kiwiko," akasema, akaenda zake.

Siku ya soko iliyofuata, mama wa samaki alipita tena, akaacha samaki wawili wakubwa ndani ya gazeti. Wakati ule watu wazima wa kwetu hawakula samaki. Mzee mwenyewe alimwita samaki nyoka wa maji. Siku hiyo alikula. Akafyonza miiba, akaipanga kando ya sahani, akasema, "Si mbaya." Binti yetu mkubwa akaniangalia, nikamwambia aende akatazame ndama. Na yule mama alipokuwa amekaa kwangu nilimpa chai ya rangi. Kibuyu cha mursik kilikuwa kimejaa, maziwa mazuri yaliyoganda wiki mbili, ambayo mgeni wa heshima hapiti bila kuonja. Nilikisukuma nyuma ya magunia ya mahindi. Hilo silijutii.

Mzee alifungua bolti, akaling'oa sanduku. Sakafu ya chini yake ilikuwa imeoza, unaingiza kidole. Akatoa mbao zote mbovu, akaweka mpya, akapaka gundi ya faiba iliyonuka hadi kuku wakahamia kwa jirani. Kisha akaanza kupanga fremu ya mbao, ya kuliinua lile sanduku. Mtu mmoja alimshauri atumie mbao ya bulugamu, ni nzito na ina nguvu. Akakataa.

"Boti si choo," akasema. "Ukiweka uzito mwingi juu, inalala."

Hakuwahi kukanyaga ziwa. Nilijiuliza maneno hayo alifundishwa na nani, na wakati gani, na mimi nilikuwa wapi.

Kamba ilining'inia kwenye msumari mlangoni pa stoo. Siku aliyokwenda madukani kutafuta skrubu, niliishusha. Nilitaka kuona tu. Nikakanyaga ncha yake, nikakunja mkono. Fundo lake lilikipita kiwiko changu kwa kiganja kizima. Nikasimama pale stooni mkono umekunjwa, nimeshika usukani ambao haupo. Nikajiambia, kama angenipima mimi, angefunga hapa. Nikalifungua fundo lake, nikafunga langu penye kiwiko changu. Nikairudisha msumarini, nikaenda kuchuma chai.

Alikata mbao kwa kipimo cha kamba ile ile. Nilikuwa nikiusikia msumeno kutoka shambani. Nilikuwa na siku tatu za kusema. Sikusema.

Mama wa samaki akaja na lori, dereva, na vibarua wawili wa kusukuma. Majirani nao walikuja, maana boti kwenye mlima si kitu cha kila siku. Akapanda, akashika usukani. Akainama.

"Fundi, hapa ulimpimia nani? Mtoto wa shule?"

Dereva aliegemea lori lake akiwa anatafuna muwa. "Ndiyo maana shamba lilimfukuza huyu. Angetutengenezea bodi ya lori, tungeendesha tumepiga magoti."

Watu wakacheka. Mzee akaingia stoo, akarudi na kamba, akaipima kwenye kazi yake. Ilikuwa sawasawa, hakuna hata unywele wa makosa. Ndipo akaliangalia fundo. Yeye hufunga fundo dogo, gumu, la kufungulia kwa msumari. Lile lilikuwa fundo la kumfungia ndama pembeni wakati wa kukamua, ambalo ukilivuta mara moja linaachia. Kwenye boma letu mkamuaji alikuwa mmoja tu.

Akalifunika kwa ngumi. "Ni mimi nimekosea, mama," akamwambia mgeni. "Niachie mpaka soko lijalo."

Mimi hakunitazama. Angenipigia kelele ningejua pa kusimama. Alinificha mbele ya watu wote, na hata hapo wivu ulipata kitu cha kula, kwa sababu sauti ile ya upole alimpa yeye.

Mama wa samaki hakuwa mjinga. Aliangalia ngumi ya mzee, akaniangalia mimi mlangoni pa jikoni. "Mama, hebu panda hapa."

"Mimi sina kazi na boti."

"Panda tu, mama. Haiendi mahali."

Nikapanda na gumbuti zangu za mpira zenye matope. Nikashika. Mgongo ukanyooka wenyewe. Mikono ilikaa mahali pake, mabega yakashuka. Niliona paa la jirani, chai yote hadi mtoni, na ng'ambo barabara ya kwenda Kisii. Mtu hajawahi kunitengenezea kitu kinachonitosha namna ile, na nilikuwa nimekiiba.

"Haya," akasema polepole. "Kumbe kipimo si kibaya. Kina mwenyewe." Hakucheka. Afadhali angecheka. Dereva hakuelewa kitu. Alichochukua kwenda nacho sokoni ni kwamba fundi hajui kupima.

Jioni mzee aliniuliza, "Fundo langu ulilifungua kwa nini?"

"Kwa sababu na mimi nina kiwiko."

Kesho yake akaibomoa fremu, akaanza upya, na soko lililofuata boti ikaondoka, usukani uko juu, yule mama amesimama ndani yake akituaga kwa mkono. Msidhani meza yangu iliongezwa miguu. Haikuongezwa. Na wivu haukwisha. Niliitazama ile boti hadi ikapotea kwenye kona.

Lakini neno la dereva lilikuwa limeenea kabla boti haijaondoka. Mtu wa Chebunyo aliyekuwa ameahidi kuleta lori liwekewe bodi alipita langoni kwetu, hakusimama, akaenda kwa fundi mwingine. Kanisa lilitaka viti, mzee mmoja wa kanisa akasema tungoje kwanza. Babu yenu akawa anautia makali msumeno usiokata kitu. Alikaa nao kwenye jiwe asubuhi nzima, anapiga tupa, anauangalia, anapiga tena. Kwa mtu yeyote hakusema kwamba ni mimi.

Siku ya tatu ya kumwona hivyo, nilipeleka majani yangu kwenye kituo cha kupimia. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaweka kikapu chini, nikasema kwa sauti, "Ile boti niliiharibu mimi. Nilihamisha fundo la mzee."

Jirani yangu akageuka. "Wewe? Kwa sababu ya mwanamke wa samaki?"

"Kwa sababu yake."

Walicheka hadi karani akaacha mizani. Nikangoja wamalize, kisha nikawaambia waende nalo hilo kama walivyoenda na lile lingine. Ila nilijua mdomo mmoja hautoshi, dereva alikuwa ametangulia kwa wiki nzima. Kwa hiyo nilipofika nyumbani niliwaita wote sita, baba yao amekaa pale pale.

"Hakuna haja, mama watoto," akasema.

"Hii si mbao, mzee. Niachie." Nikawageukia watoto. "Kuanzia kesho, shuleni, mtoni, kanisani, mtu akitaja boti, mseme aliyeharibu ni mama. Msingoje kuulizwa mara mbili, na msiongeze neno lenu. Atakayecheka wakati anasema, atakamua ng'ombe wote peke yake mpaka Krismasi."