Siku Niliyomwigiza Mume Wangu Jukwaani

Mume wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka siku niliyomwigiza yeye, jukwaani, mbele ya watu wa Mbaha.

Hakujua ni yeye.

Naitwa Ottilia. Mume wangu ni Aidan, mvuvi wa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, mwanakwaya, mtu anayeheshimika. Hajawahi kunipiga. Ila nyumbani kwetu neno ni lake tu, miaka yote. Mwezi ule alikuwa amepokea posa ya binti yetu Glorious bila kumuuliza mtu.

Jamani, nilikuwa nimechoka.

Kanisa likaandaa tamthilia ya zamani, mojawapo ya zile za baba anayemwoza binti kwa nguvu huku mke amepiga magoti. Meshack aliyepangwa kuwa baba akajitoa, eti hataki kuchekwa na wanawake.

Mwalimu Gertruda, msimamizi wetu, akanigeukia. "Mama Glorious, vaa koti wewe."

Nikavaa.

Sikuhangaika kutafuta wa kumwiga. Mke wa kwenye mchezo alipofungua mdomo, nikainua kidole kimoja, bila kumtazama. Alipoleta chakula, nikakionja, nikakisukuma pembeni, nikanyamaza. Ukimya ule naujua kuliko sala.

Watu wakavunjika mbavu. Jirani yangu Benadetha peke yake, anayeyajua ya nyumbani kwetu, aliinamisha kichwa. Aidan yuko mbele kabisa, anajipiga mapaja.

Nikajua akigundua, leo nimekwisha.

Nyumbani nikamtengea ugali. Akakaa muda mrefu bila kunawa.

"Umemwigiza baba yangu vilevile," akasema. "Hata kidole. Mama alikuwa akikiona anatetemeka. Nani alikusimulia?"

Baba mkwe alifariki kabla sijaolewa. Hata picha yake sijaiona.

Ningeweza kunyamaza, nimezoea. Lakini hata kunyamaza kulikuwa kumenichosha.

"Baba yako simjui, baba Glorious. Nilikuwa nakuigiza wewe."

Hakufoka. Akaitazama mikono yake. Kisha akaniuliza, taratibu, kama na mimi huwa natetemeka.

Nikamwambia ndiyo.

Akatoka, akakaa kizingitini. Ugali ukapoa.

Sitawadanganya kwamba kesho yake aliamka malaika. Bado anaagiza. Ila wiki ile alimuuliza Glorious kama anamtaka yule kijana wa Litumbandyosi aliyeleta posa. Glorious akasema hapana, posa ikarudishwa. Aidan akawaambia watu kwamba ameamua mwenyewe.

Sawa tu.

Dada zangu, msingoje mtu ajione. Atamwona baba yake, atacheka, atakwenda kulala. Mwambieni.