Ubao wa Mama na Mkono wa Doto

Enzi zetu kule Bugarama, ukitoka shule hukuulizwa umejifunza nini. Uliulizwa ndoo iko wapi. Mimi na pacha wangu Doto tulivua sare, tukabugia michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyopikwa kwa karanga, kisha mbio hadi mwaloni, kwenye kina mama waliokuwa wakiosha mchanga wa dhahabu. Harufu ya tope lile na moshi wa karasha za kusagia mawe ninayo puani hadi leo.

Mama alikuwa na ubao mrefu uliotandikwa gunia. Alimwaga mchanga juu, akamiminia maji. Tope likateremka, dhahabu, kwa kuwa ni nzito, ikanasa kwenye gunia. Kazi yote ilikuwa kwenye mwinamo. Ubao ukilala mno, tope linaganda. Ukisimama mno, kila kitu kinakwenda na maji, na jioni mnakula ugali kwa chumvi. Kwa hiyo kabla ya kuosha waliweka kijiwe juu ya gunia, wakauinua ubao kwa matofali, polepole, mpaka kijiwe kikaribie kuteleza lakini kisiteleze. Hapo ndipo penyewe.

Kazi hiyo alipewa Doto. Mimi ndiye Kulwa, nilitangulia kuzaliwa, lakini changu kilikuwa maji. "Kulwa, chota. Doto, tega ubao." Nikijaribu mimi, kijiwe kinaporomoka, kina mama wanacheka, mama ananisogeza kwa kiwiko. Doto alishika ubao kwa vidole viwili, ulimi nje, na kijiwe kikatulia kama kuku anayeatamia. Nilimwonea wivu! Nilikuwa tayari kutoa viatu vyangu vya shule, hata nyama yangu ya sikukuu, nisikie mara moja tu: "Kulwa, tega."

Siku hizi vijana wa pale wanapima mwinamo kwa simu, halafu wanajipiga picha na ubao. Binti yangu wa kidato cha pili naye alinichorea mishale: uzito unavuta chini, ubao unakisukuma kitu, msuguano unakizuia, nguvu zikilingana, hakisogei. "Rahisi tu, mama." Nikamwambia akamweleze mama yake mdogo Doto.

Mama sasa hatembei. Doto anakaa naye, mimi niko Kahama na duka langu. Krismasi iliyopita nilimpelekea mama kiti cha magurudumu, na fundi akajenga mteremko wa saruji mlangoni. Nilitaka nimshushe mwenyewe, mbele ya wale wale waliokuwa wakinicheka. Tulipofika katikati nikasimama kidogo, nimekishika kiti kwa mikono yote miwili. Kilitulia, hakikusogea hata kidogo.

Mama akayakamata magurudumu.

"Kulwa mwanangu," akasema kwa upole, "baki hapo hapo. Mwite Doto."

Enzi zile ningeangua kilio pale pale. Siku hizi mtu mzima halii mbele za watu. Nikamwita.