Macho ya Mtasema

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mikanda ya kupigia picha ilianza kuuzwa mpaka kwenye maduka ya sabuni na chumvi. Kila kijana aliyerudi Newala kutoka Dar es Salaam alirudi na kamera shingoni, na wateja wa mjini wakamkimbia Swalehe, mpiga picha wa siku nyingi. Yeye akabaki na vijiji. Asubuhi anaifunga kamera kwa kitambaa, anakanyaga baiskeli kwenye mchanga wa Mnyambe mpaka magoti yanamlalamikia. Anapiga picha za harusi, za kipaimara, za wazee waliokaa wima kama wanangoja hukumu. Jioni anarudi, anakula, analala na viatu.

Picha ya mbwa hakuwahi kupiga, mpaka alipoitwa na Mama Danieli.

Mama Danieli alikuwa mjane, anaishi na mbwa mweusi, mzee, jina lake Mtasema. Jina lile lilikuwa la kuwajibu majirani, walionong'ona sana alipoachiwa mikorosho na marehemu mumewe. Akimwita mbwa, na wao wanasikia. Aliyemlea mbwa huyo ni Danieli, mwanawe wa pekee, ambaye sasa aliuza mitumba Dar es Salaam. Huko mtu akamfikishia habari kwamba Mtasema amekufa na mama anamficha. Danieli akaamini. Salamu alizoleta kila abiria wa basi zikawa zilezile: mama, kama hilo unanificha, mengine je? Na kuja nyumbani akaacha. Ndipo mama akataka picha ya kumwonyesha kwamba mbwa yu hai.

Mara ya kwanza Swalehe alifanya kama afanyavyo kwa watu. Kitenge kilitundikwa ukutani, mbwa akaogeshwa, akafungwa utepe shingoni, akawekwa juani saa sita kamili. Swalehe mwenyewe alisimama mbali. Kwao Waislamu mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa unajitakasa kwa maji mara saba, moja na udongo, na maji ya kule yanapandishwa kutoka bondeni kwa kichwa. Picha ilipotoka, kitenge kilionekana vizuri sana. Chini yake palikuwa na doa jeusi limelala, halina macho.

"Baba Anifa," Mama Danieli alimwambia Swalehe, "hii nikimpelekea Danieli si ndiyo nimemthibitishia msiba? Hata utepe umekaa kama wa jeneza."

Basi Swalehe akarudi msimu wa korosho, asubuhi, bila hamu.

"Shikamoo, Mama Danieli."

"Marahaba. Umechoka."

"Nimechoka."

"Na mimi vilevile. Na huyu ndiyo usiseme."

Mtasema alikuwa amejilaza chini ya mkorosho. Walimwita, wakampigia mbinja, akafungua jicho moja akalifunga. Wakamtupia dagaa, akamla hukohuko alikolala.

"Sultani," alisema Mama Danieli.

Swalehe aliketi chini kuyapumzisha magoti. Mkono wake ukagusa korosho iliyodondoka, akaiokota bila kuwaza. Mbwa akainua kichwa.

"Ah! Hiyo kazi hajaiacha," Mama Danieli akasema. "Mgeni akiokota korosho zetu, huyu anaamka hata kaburini."

Swalehe aliitazama ile korosho, akamtazama mbwa, akavuta pumzi. Hapakuwa na namna nyingine. Alilala kifudifudi kwenye majani makavu, kamera usawa wa macho ya mbwa, akawa anaokota korosho kwa mkono wa kushoto na kuzidondosha kwenye kopo lililokuwa kando. Ko. Ko. Mtasema akasimama. Jua lilikuwa bado chini, likipenya ubavuni mwa matawi. Mbwa akaja, ananguruma, masikio juu.

"Usikimbie! Hana meno!" Mama Danieli alicheka kule nyuma ya mbwa, kashika kiuno.

Swalehe akabonyeza. Papo hapo ulimi wa Mtasema, wa moto, ukampitia kutoka kidevuni hadi kwenye paji la uso.

Swalehe alibaki amelala vilevile. Mama Danieli aliacha kucheka, akaitazama ndoo ya maji pale mlangoni, ndiyo pekee iliyobaki. Kisha akaileta.

"Inama, baba. Hesabu mwenyewe, mimi dini yako siijui."

Ndoo iliisha yote. Mama aliichungulia ndani, akachukua kata yake ya kichwani, akaanza safari ya bondeni.

Picha ilipotoka, Mtasema alikuwa hai kabisa, mwanga umemkaa machoni. Nyuma yake alikuwepo Mama Danieli: kanga ya shambani, shingo nyembamba, mkono kiunoni, anacheka na mapengo.

"Mbona na mimi nimo? Na kanga hii! Nikate."

Mkasi Swalehe alikuwa nao mfukoni. "Nikikukata wewe, nitakata na mkia wa mbwa," akasema. Mkia ulikuwa mbali kabisa na yule mama.

Picha ikaenda na basi hivyohivyo.

Karibu na Krismasi, Swalehe alikuwa anasukuma baiskeli mlimani, anatoka kwenye harusi ya bondeni, akamkuta kijana mbele yake anasukuma ya kwake, imejaa madumu ya maji. Alikuwa Danieli.

"Shikamoo, Baba Anifa."

"Marahaba. Umemwona mbwa wako?"

"Mbwa nilishamwona kwenye picha, mzima." Danieli alifuta jasho. "Nimemfuata yule aliyeshika kiuno nyuma yake."

Walipanda pamoja mpaka nyumbani kwa mama. Mtasema alifungua jicho moja, akaona mikono yao haina korosho, akalala tena.