Apolline Aliyeramba Mfupa

Apolline Inamahoro anachimba udongo wa matofali kwenye korongo lililo nyuma ya kijiji chetu cha Kiringye. Ni mjane, mkali wa maneno, na mvivu hapati salamu yake. Miaka iliyopita walikuja wataalamu wanaotafuta mifupa iliyogeuka mawe, wakamchukua awachimbie kwa wiki tatu. Hapo alijifunza mambo mawili: kwamba zamani sana ziwa lilifika hadi kwetu, na kwamba mfupa wa kale hujulikana kwa ulimi. Jiwe la kawaida halishiki ulimi. Mfupa wa kale unanata.

Wataalamu walikwenda zao, mazoea yakabaki. Kiangazi kilichopita jembe lake liligonga ncha ya mfupa wa kahawia. Apolline akaipangusa, akainama, akaigusisha ulimi. Juu ya ukingo alikuwa amesimama Marie, mama yake Kizito, akielekea kwenye mihogo yake.

Niseme wazi. Kwetu mfupa ukitoka ardhini hakuna anayefikiria ziwa la kale. Tunafikiria vita, na watu walioondoka asubuhi wasirudi, kama Kizito, aliyekwenda sokoni Kamanyola miaka kumi na moja iliyopita. Na mwanamke anayeramba mfupa wa mtu tunamwita mulozi, yaani mchawi. Jina hilo likikushika, huponi.

Habari ilienea mbio, na saa nne tulikuwa kama watu thelathini ukingoni. Nasema tulikuwa, maana nami nilishika jiwe. Nimekula ugali wa Apolline mara nyingi tu, na bado nilishika jiwe. Nilimwogopa kweli, na niliogopa pia kuonekana mikono mitupu.

Apolline alilaza jembe chini. Alijaribu kutueleza habari za wataalamu, lakini kila alipoutaja ulimi kelele zilizidi. Mtu akarusha jiwe, likampasua begani. Hapo Marie akashuka korongoni.

"Mama Apolline, iko mufupa ya nani?"

"Sijue, Mama Kizito. Siyamalize kuichimbua."

Lilikuwa jibu la kweli, na lingeweza kumwua. Marie akapiga magoti, akaanza kufukua kwa kucha. Hakuna aliyethubutu kurusha tena, maana tungempiga yeye. Apolline naye akafukua kando yake, damu ikimshuka mkononi. Baadaye aliniambia kwamba muda wote alikuwa akimwomba Mungu, kwa sababu hata yeye hakujua ni mfupa wa nini.

Likatoka jino lililopinda, nene kuliko kifundo cha mkono wangu, zito kama chuma. Katika bonde la Ruzizi hakuna asiyejua meno ya kiboko. Mtu mmoja akacheka kwa aibu, wengine wakaanza kuondoka kimyakimya. Nikaliacha jiwe langu majanini.

Marie hakuinuka. Alikuwa amelipakata lile jino.

"Basi haiko yeye," akasema, akaanza kulia.

Nilidhani analia kwa kupata nafuu. Haikuwa hivyo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akitafuta kitu cha kuzika, na asubuhi ile alidhani amekipata.

Alipojifuta machozi alimgeukia Apolline. "Weye ukipata ingine, uniite miye wa kwanza, kabla watu baone."

Apolline akakubali. Bado anachimba pale pale, maana matofali ndiyo chakula chake, na ananiambia kwamba kila asubuhi, kabla ya kuinua jembe, anaomba asimkute Kizito.